Deni Kwanza, Kicheko Baadaye

Kuna watu wakisikia kicheko matangani hukunja nyuso. Mimi si miongoni mwao, na sababu yangu ni rafiki yangu mmoja niliyefanya naye kazi miaka mingi kule Thika.

Tulipanga vyumba Witeithie, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi. Jina hilo kwa Kikuyu maana yake ni "jisaidie". Siku alipoambiwa, marehemu alicheka hadi machozi, kwani sisi wa pwani neno hilo tunalijua kwa haja nyingine. "Wallahi, nikimwandikia mama kuwa nakaa Jisaidie, ataniuliza kama nimekosa nyumba!" Mwezi wa Julai alivaa koti zito juu ya kanzu, akaapa kuwa baridi ile haikutajwa alipoajiriwa.

Lakini mkaazi huyo wa Jisaidie hakuchoka kuwasaidia wenziwe. Alikopa dukani ili jirani mgonjwa apate chakula. Alipofariki, deni likabaki. Sisi tuliokuwa tukicheka naye tukachangishana, tukalilipa lote kabla ya maziko, maana dini yetu yatufunza kuwa nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyeaga dunia mwaka 2025, alituzoesha redioni tangu 1966 swali moja: Je, huu ni ungwana? Nami najibu: kumcheka maiti kwa kumuaibisha si ungwana. Kumkumbuka kwa kicheko cha mapenzi, deni lake likiwa limelipwa, ni ungwana mtupu. Mola amrehemu.