Hiyo safari ya mlima ya bei rahisi, ni nani anailipia?

Nianze kwa kukiri. Ile video ya Elephant Hill mliyoipenda sana, ile ya ukungu nikiwa nimeinua mikono kama mtu ameshinda uchaguzi, haikuwa na hata sekunde moja ya venye hiyo siku iliisha. Tangu niiweke mnaniuliza vitu vitatu: ni pesa ngapi, mnaenda lini tena, na naweza kuja na raba? Leo nawajibu, lakini jibu ni refu na sehemu zingine hazitawafurahisha.

Kwanza mjue naongea kuhusu nyumbani. Njabini, Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua. Shosho anaishi huko, analima waru na kabeji, na huniita "mzee wangu" kwa sababu nilipewa jina la guka. Nikiwa mdogo, huo mlima haukuwa mahali pa kwenda kujiburudisha. Ulikuwa mahali mvua inatoka. Ukiuona umejifunika asubuhi, unaanua nguo mapema. Watu waliingia msituni kutafuta kuni, wakatoka, na wazee walikuwa na hadithi za Mau Mau zilizotufanya tusikaribie miti jioni. Halafu nikaja Nairobi, nikapata watu wa rika langu wanalipa ili wapelekwe kule nilikotoka. Nilicheka wiki nzima. Kisha nikaanza kuwaita watu twende.

Na sisemi ni vibaya, msinielewe visivyo. Kijana aliyeamka Jumamosi saa kumi usiku kwenda kupanda mlima ni afadhali kuliko yule anayerudi nyumbani saa hiyo akitafuta viatu vyake. Unashika barabara ya Nakuru, unakata kulia pale Flyover, unapita mashamba ya kabeji na mitungi ya maziwa kando ya barabara, umefika. Unaanza na miti ya kupandwa, unaingia kwa mianzi na matope yanayokula kiatu, halafu unatokea juu kwa nyasi na upepo. Kuna mahali wapandaji wanapaita Point of Despair, na ukifika huhitaji kuambiwa ni kwa nini. Kilele kiko zaidi ya mita 3,500 juu ya bahari, karibu mara mbili ya Nairobi. Huko Njabini pia ndiko liko bwawa la Sasumua, linalotuma maji Nairobi. Hayo unayoogea, siku mfereji ukikubali.

Sasa ile siku.

Tulikuwa 33. Watu 32 walilipa shilingi 2,500 kila mmoja, na mimi nikapanda bure kwa sababu ya video. Tulikuwa tumeambiwa basi linatoka mjini saa kumi na moja alfajiri. Lilitoka saa moja kasoro, tukingojea watu "wako tu hapo karibu". Kwa geti la msitu tukampata binamu yangu. Yeye ndiye kiongozi wa njia. (Ukiliandika lile neno la Kizungu vile linatamkwa, simu inakugeuza unaongea kuhusu mambo ya polisi, kwa hivyo nitasema kiongozi.) Alihesabu watu, akaniangalia, akauliza, "Wengine wako wapi?" Nikadhani anauliza abiria. Alikuwa anauliza viongozi wengine. Hakukuwa na wengine. Kulikuwa na kijana mmoja wa kukaa nyuma, amepewa filimbi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza Nyandarua.

Mtu mmoja hawezi kuongoza watu 33 mlimani. Wenye mbio wanamvuta mbele, wenye kuchoka wanabaki nyuma, na katikati kuna kikundi cha kupiga picha ambacho hakimsikizi mtu yeyote. Mimi nilikuwa kwa hicho kikundi. Tulifika juu saa nane na nusu mchana. Binamu alikuwa amesema saa saba tugeuke popote tutakapokuwa, lakini nani angegeuka na amelipia kilele? Mvua ikatupata pale pale juu.

Chini kwa basi tukahesabiwa: 31.

Wasichana wawili. Mmoja goti lilikuwa limekataa, mwenzake akabaki naye, na mtu fulani akawaambia washuke polepole, njia ni moja. Njia si moja. Ndani ya mianzi kuna vijia vya nyati na ndovu, na kukiwa na ukungu vyote vinafanana. Giza liliingia. Binamu akarudi msituni na askari wa msitu mmoja, tochi moja na chupa ya chai. Mtandao huko ndani ni wa kubahatisha, kwa hivyo sisi tulikaa tu kwa basi. Nitawaambia kitu ambacho sikuwahi kusema: kuna msee aliuliza kama basi linaweza kuenda, hao wawili watafutiwe matatu kesho. Hakuna aliyemjibu, lakini pia hakuna aliyemwambia anyamaze. Hata mimi.

Walipatikana saa mbili usiku na kitu. Yule wa goti alikuwa anatetemeka hadi hawezi kushika kikombe. Alikuwa amevaa raba na sweta ya pamba iliyolowa. Binamu alikuwa amempa jaketi yake, akashuka mlima na tisheti.

Kwa hiyo siku yote alilipwa shilingi 1,500, kama walivyokuwa wamepatana. Ya usiku, mwandaaji alimwambia, "Nitakutumia kwa M-Pesa kesho." Hiyo kesho sasa ina miezi miwili. Simtaji huyo mwandaaji, kwa sababu nikimtaja mtamwangukia yeye peke yake, na wenye wanafanya hivyo ni wengi. Tena mimi ndiye niliwaleta watu wake. Nilipomwomba binamu msamaha aliniambia, "Pesa ni sawa tu. Lakini hao wangekufa, ni mimi ningeulizwa."

Najua mtaniambia nini. Bei ikipanda, wanafunzi watakosa, na mlima utabaki wa watu wa magari makubwa. Hiyo hoja naiheshimu, mimi mwenyewe sina gari. Lakini tupige hesabu. Watu 32 kwa 2,500 ni 80,000. Ongeza viongozi wawili kutoka Njabini, kila mmoja umlipe 2,000, hiyo ni 4,000. Gawanya kwa watu 32: shilingi 125. Soda na smokie mbili. Hicho ndicho kilikosekana wasichana wawili wakakaa gizani na ndovu. Mwanafunzi hafukuzwi mlimani na shilingi 125. Bei ni ya chini kwa sababu mtu wa huko juu analipwa kidogo, na ni rahisi kumlipa kidogo kwa sababu wewe uliye kwa basi hujui hata jina lake.

Na chakula pia, kwani nimeanza. Rafiki ya shosho alikuwa ameambiwa watu zaidi ya thelathini wanakuja, akapika chapati na ndengu. Watu walikuwa wamebeba mikate kutoka supamaketi za Nairobi. Aliuza chapati nne. Karatasi za hiyo mikate ziko njiani hadi leo.

Kwa hivyo ukiona tangazo, hata likiwa langu, kabla ya kutuma pesa uliza: viongozi ni wangapi kwa watu wangapi, na ni wa huko? Wanalipwa pesa ngapi? Wa nyuma ni nani, na amewahi kupanda huo mlima? Saa ya kugeuka ni gani? Mwandaaji akikasirika kwa sababu umeuliza, weka doo yako kwa mfuko. Na hapana, usije na raba.

Ile video sijaifuta. Nimeandika juu yake idadi ya watu na idadi ya viongozi, kila mtu asome. Binamu nimemtumia ya usiku kutoka kwa pesa ya matangazo. Alirudisha mara moja, nikamtumia shosho ampe, huyo hawezi kumrudishia.

Tunaenda tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu 20, viongozi wawili, na wa nyuma ni binamu mwenyewe. Chakula ni chapati na ndengu, utalipa huko huko. Basi linatoka saa kumi na moja alfajiri. Ukiwa "hapo karibu" saa kumi na moja na dakika tano, usinipigie.