Kitabu cha Kusikiliza Kinaomba Sauti ya Huku Kwetu

Ndani ya kitabu hiki wenzetu wanaandika juu ya ngoma, ndoa na matanga. Sisi tunaleta jambo ambalo wengine watasema hapana desturi: vitabu vya kusikiliza, vile vijana wanavyopitisha toka telefone moja mpaka ingine. Lakini kusikiliza ni desturi ya Lubumbashi tangu zamani. Nani wa rika yetu hakukaa karibu na redio kumsikia Mufwankolo na kundi lake?

Jioni moja umeme ulikatika. Tukakaa mu lupango, mbabula katikati, na kijana wetu akafungua hadithi katika telefone. Msomaji alikuwa na Kiswahili safi, kila neno mahali pake. Nkambo alisikiliza dakika kumi hivi, kisha akauliza: «Uyu baba anasoma sawa vile iko anakimbia mvula. Nani anamufukuza?»

Tulicheka, lakini alisema kweli. Msomaji yule hakungoja watu. Kwetu msimulizi anangoja: anasema «sasa ile», ananyamaza, anaacha wasikilizaji waitike. Mzee akiongea ndani ya hadithi, sauti inashuka. Mama wa sokoni akigombana juu ya bei ya makala, inapanda. Huyu aliwasoma wote sawasawa, mzee, mwizi na mtoto anayelia, kama vile anasoma majina ya wanafunzi waliofaulu.

Walimu wenzetu wanatuambia kusikiliza si kusoma, ni uvivu. Ajabu! Walimu hao hao wanaanza somo kwa kusoma ukurasa kwa sauti mbele ya darasa, kwa sababu wanajua mwanafunzi haelewi mpaka asikie. Wengine wanasema Kiswahili cha Lubumbashi ni cha barabarani, hakifai kuingia katika kitabu. Sisi tunafundisha Kiswahili bora na tunakiheshimu. Tunasahihisha makosa kila wiki, wino mwekundu unatuisha. Lakini hapa tunakataa kabisa, na ushahidi tunao.

Mwaka 1965, mji huu ukiwa bado unaitwa Elisabethville, André Yav aliandika historia yake kwa ajili ya chama cha watu waliofanya kazi ya uboyi kwa Wazungu. Iliitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ndani yake mji unaonwa na wale waliopika na kufua, si na wakubwa wa kampuni. Yav aliandika vile watu wanavyosema. Maneno mara yanashikana, mara yanakatika katikati, na nukta hazifuati sheria ya shule. Ukiyatazama kwa macho tu, unachoka haraka.

Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha hapa miaka ya 1970, alipotaka kuyachapisha, haikutosha kuyatazama. Kalundi Mango, mwenye kukijua Kiswahili cha huku, aliyasoma kwa sauti, yakarekodiwa kwenye kaseti, na kutoka sauti ile yakaandikwa upya. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Basi tuelewane: maandishi ya mji wetu yalifunguka kwa mdomo. Sauti haikuwa pambo, ndiyo iliyokuwa ufunguo. Na kama angepewa msomaji asiyejua mahali pa kupumua katika Kiswahili chetu, tungebaki na karatasi tu.

Sasa tunauliza chama chetu: juu ya nini hadithi zinazosikika mu malupango yetu zinasomwa na watu wa mbali, na ile ya Yav sisi hatujaisikia hata siku moja? Maandishi yanapatikana hata kwenye intaneti. Mashine kubwa haihitajiki; telefone na chumba kisicho na kelele (hapo Kenya itakuwa kazi kidogo!) vinatosha kuanza. Lakini msomaji asichaguliwe kwa diploma, hata yetu. Aitwe mbele ya wazee, asome ukurasa mmoja, na wazee ndio waseme kama anakimbia mvua. Tena alipwe. Kusoma masaa matatu ni kazi, hapana zawadi.

Nkambo alifundishwa kusoma na masista. Tumemwomba ajaribu ukurasa wa kwanza. Amejibu: «Munitafutie miwani kwanza.»