Usimalize Kumlipa Fundi Kabla Hajakuandikia Namba ya Ethi

Taa zikiwaka, pasi ikipata moto na LUKU ikihesabu yuniti, mwenye nyumba huamini kazi ya umeme imekwisha. Analipa, anashukuru, anahamia. Lakini kati ya nyaya tatu zinazoingia kwenye soketi, mmoja unaweza kukatika leo na usijue kwa miaka, kwa sababu vyombo vyote vitaendelea kufanya kazi kama kawaida. Huo ni waya wa ethi. Umuhimu wake huonekana siku ile waya wa moto unapochubuka na kugusa bati la friji.

Mimi ni fundi umeme hapa Dodoma, na msimamo wangu ni huu: mwenye nyumba asimalize malipo kabla hajaandikiwa namba ya ethi kwa omu, pamoja na tarehe iliyopimwa. Fundi akikujibu "ethi ipo, mama", mwambie hujauliza kama ipo. Umeuliza kama inafanya kazi.

Septemba iliyopita niliitwa Nzuguni na mama aliyekuwa amewakataza wanawe kugusa friji bila kandambili. Friji "inang'ata", alisema. Kipimo changu kilisoma omu 187 kwenye soketi ya jikoni. Gawa volti 230 kwa 187, unapata ampea 1.2 hivi. Breka ya soketi zake ilikuwa ya ampea 32, aina B, ambayo ili ikate papo hapo kwa uhakika inadai ampea 160. Ampea 1.2 ni chini ya mzigo wa pasi. Bati la friji lingeweza kukaa na umeme usiku kucha na breka isishtuke.

Hapa ndipo wengi wetu hukimbilia kumwaga chumvi kwenye rodi. Lakini namba ile ni jumla: imebeba rodi iliyo ardhini, nyaya za ndani, kila kiungio, na njia yote hadi kwenye transfoma. Kabla ya kuitibu, igawanye. Nilizima meni swichi, nikafungua waya unaokwenda kwenye rodi, nikapima upande wa rodi peke yake: omu 112. Kwa hiyo omu kama 75 zilikuwa ndani ya nyumba, ambako mita 20 za waya wa shaba wa 2.5, kwenda na kurudi, hazifikishi hata omu 1.

Umeme ukiwa umezimwa, nikapima soketi moja baada ya nyingine. Ugonjwa ulikuwa sebuleni, nyuma ya soketi ya televisheni: nyaya mbili za ethi zimesokotwa kwa vidole, zikaviringishiwa tepu, na shaba imeshakuwa nyeusi. Nilikata zile ncha, nikamenya upya na kuzikaza kwa skrubu. Jikoni kukawa na 113. Rodi nayo tuliichimbua. Kilikuwa kipande cha nondo kisichofika magotini, kimepigwa kwenye kifusi cha msingi. Tukaweka rodi mbili zilizopakwa shaba, za mita 1.5 kila moja, zikiachana zaidi ya mita 3. Namba ikashuka hadi 26.

Sasa rudia hesabu. Volti 230 kwa omu 26 ni karibu ampea 9, na breka ya 32 bado haijali. Ndiyo maana nasema katika nyumba inayotegemea rodi yake yenyewe, breka haitoshi hata rodi iwe nzuri namna gani. Panahitajika RCD ya miliampea 30, inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata ndani ya sekunde 0.3 ukipungua. Kwa kifaa hicho, omu 26 zinatosha na kubaki.

Wapo watakaosema, basi tuweke RCD tuachane na rodi. Hapana. Bila ethi, RCD husubiri mtu aguse friji ndipo iuone umeme unaovuja; mwili wake ndio unaogeuka waya. Ethi ikiwepo, umeme hukatwa pale pale unapovuja, hata kama hakuna mtu jikoni. Na kile kitufe cha T kisikudanganye. Kinajaribu RCD yenyewe tu. Kitakata hata kama rodi ilishang'olewa na kuuzwa chuma chakavu.

Namba nayo hupikwa. Mkaguzi akikaribia, ndoo mbili za maji humwagwa kwenye rodi na kipimo kinapendeza siku hiyo. Chumvi husaidia kwa muda, kisha mvua huiondoa, na kabla haijaondoka imeshaila klampu. Mbaya kuliko zote ni kuunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi. Namba hushuka hadi karibu na omu 1, na mwenye nyumba anapongezwa. Siku nyutro ya nje ikikatika, mabati ya vyombo vyote yatakuwa na moto. Kwa hiyo nyumba ya rodi ikisoma omu 1, usishangilie, fungua soketi.

Najua hoja ya gharama, na ni kweli RCD ni ghali kuliko breka. Ila naisikia zaidi kwa watu walioweka dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Kwetu mafundi, wenye leseni ya EWURA tuanze: asiye na kipimo aazime kwa mwenzake, asibahatishe kwa testa.

Ninachotaka ni karatasi moja ibandikwe ndani ya mlango wa meni swichi: omu za rodi, omu za soketi ya mbali kabisa, muda ambao RCD imechukua kukata, tarehe, na jina la fundi. Kipimo kirudiwe Oktoba, ardhi ya Dodoma ikiwa kavu, si Machi. Na mpangaji anayeuliza maji na choo kabla ya kutoa kodi, aombe pia kuiona karatasi hiyo.