Kabla ya Kuchora, Ulizeni

Toka Kilifi hadi Malindi kila mwenye hoteli au duka la vinyago ataka alama yake ya biashara, na aitaka upesi. Mchoraji huitwa leo, kesho picha yangojewa. Kazi ya kwenda kuuliza, ambayo ndiyo nusu ya uchoraji, hukatwa ili kupunguza gharama.

Matokeo yake nimeyaona. Juu ya orodha ya vyakula ya hoteli moja, kando ya bei ya samaki na bia, kimechorwa kigango: kichwa cha duara, macho mawili, na zile pembetatu za kifuani. Picha yapendeza, sikatai. Lakini kigango si pambo. Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mtu wa chama cha Gohu. Asiyekuwa wa Gohu huwekewa koma, ambayo ni ndogo. Mji ukihama, kigango hubaki pale pale kiliposimamishwa.

Vingi havikuachwa kubaki. Viling'olewa usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanyi biashara wa sanaa, hata vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya kutoka huko, na vingine vimefuata. Sasa niambieni, mtu ambaye kigango cha babu yake kiliibwa ataketi hapo ale kwa raha gani? Na mchoraji angaliyajua haya yote kwa nauli ya matatu na nusu siku ya kukaa na mzee mmoja wa Kigiriama.

Wauza leso wa Mombasa ni mabingwa wa jambo hili. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake huandikwa Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887, wala halikudumu kwa kubahatisha. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Muuzaji asiyejua wanawake wanasemaje mwaka huu, na nani atampelekea nani leso hiyo, atabaki nayo rafuni hata rangi ziwe nzuri namna gani.

Kwa hiyo mimi nasema mchoraji alipwe kwanza siku za kuuliza, kabla ya siku za kuchora: mteja wetu ni nani, alama hii ni ya nani, ina maana gani kwa wenyewe, na wameikubali? Wenyewe wakikataa, itafutwe nyingine.

Mwenye hoteli akisema hana muda, basi achorewe jahazi. Lakini hata hilo, mchoraji ashuke kwanza pwani akaitazame foromali na tanga lake. Nimeona majahazi ya kuchorwa ambayo hayawezi kufika hata Mayungu.