Sheria za hewa safi zazima mngurumo wa magari ya kasi Ulaya

KWA miongo kadhaa mnunuzi wa gari la kasi barani Ulaya alilipia vitu viwili kwa mkupuo: mwendo na sauti. Mwendo bado anaupata, tena kuliko zamani. Sauti ndiyo inayozidi kumponyoka, na wapenzi wengi wa magari hayo huwatupia lawama wabunge wa Umoja wa Ulaya (EU) waliopitisha sheria ya kelele za magari mwaka 2014.

Lawama hiyo ina ukweli nusu tu. Anayefuatilia mlolongo wa sheria za umoja huo tangu mwaka 2009 atabaini kwamba mngurumo ulinyamazishwa zaidi na sheria za moshi, ambazo hazikutungwa kwa ajili ya sauti hata kidogo.

Ni vema kukumbuka kwanza sauti hiyo inatoka wapi. Kila mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, moshi husukumwa nje kama pigo. Ferrari 458 Italia, iliyozinduliwa mwaka 2009, ilikuwa na silinda nane na injini yake iliweza kufikia mizunguko 9,000 kwa dakika. Kwa hesabu hiyo ni milipuko 600 kila sekunde. Mapigo hayo yakipita katika bomba lisilo na kizuizi kikubwa ndiyo hutoa ule mlio mkali uliowafanya watu wageuke barabarani.

Hivyo basi, sauti ni matokeo ya namna moshi unavyosafiri. Wakazi wa Nairobi waliozoea Subaru za zamani wanalijua jambo hilo kwa masikio yao. Mdundo wa magari hayo ulitokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu kati ya injini na turbo. Kampuni hiyo iliposawazisha mabomba hayo katika Legacy ya mwaka 2003, mdundo ulitoweka, ingawa injini ilibaki ya muundo uleule wa pistoni zilizolala.

Pigo la kwanza kwa magari ya kasi ya Ulaya lilitokana na hewa ya ukaa. Sheria ya mwaka 2009 iliweka wastani wa gramu 130 kwa kilometa kwa magari mapya ifikapo mwaka 2015, kisha gramu 95 ifikapo mwaka 2021. Faini iliyofikiwa ni euro 95 kwa kila gramu iliyozidi, ikizidishwa kwa kila gari lililosajiliwa. Kwa kampuni inayouza magari laki kadhaa, huo si mzaha.

Njia rahisi ya kuikwepa faini ilikuwa kupunguza ukubwa wa injini na kuifunga turbo. Lakini turbo huzungushwa na moshi huohuo unaotoka, hivyo hula sehemu kubwa ya mapigo kabla hayajafika nje. Mwaka 2015 Ferrari ilileta 488 GTB yenye turbo mbili, ikachukua nafasi ya 458. Mwaka 2016 Porsche ikapunguza silinda za Boxster na Cayman kutoka sita hadi nne, hatua iliyopokewa kwa manung'uniko mengi. Mwaka 2020 silinda sita zilirejeshwa katika toleo la GTS.

Mercedes-AMG ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. C63 iliyokuwa na injini ya V8 ya lita 6.2 ilipata, mwaka 2022, mrithi mwenye injini ya silinda nne ya lita 2.0 ikisaidiwa na mota ya umeme. Nguvu iliongezeka sana, lakini mnunuzi wa gari la namna hiyo hasomi karatasi ya takwimu peke yake.

Watengenezaji wadogo walipewa nafuu katika sheria hiyo ya hewa ya ukaa. Pigo la pili halikumwacha mtu. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda hutumia mafuta kidogo, lakini hutoa chembechembe nyingi za masizi. Hadi mwaka 2017 ziliruhusiwa kutoa chembe trilioni 6 kwa kilometa. Kuanzia Septemba 2017 kwa aina mpya, na Septemba 2018 kwa magari yote mapya, kikomo kilishuka hadi bilioni 600, yaani sehemu moja ya kumi.

Wengi walilazimika kufunga chujio. Hiki ni kipande cha kauri chenye vijia vyembamba vilivyozibwa kwa zamu, hivyo moshi hauna budi kupenya kwenye kuta zake. Masizi hunaswa humo na makali ya sauti hupotelea humo. Kwa sikio, ni kama gari limefungwa sailensa ya pili. Porsche 911 GT3 iliyozinduliwa mwaka 2021 iliuzwa Ulaya ikiwa na vichujio hivyo na Marekani bila, na tofauti ya mlio husikika.

Matokeo yake, katika matangazo ya magari yaliyotumika Uingereza na Ujerumani, kutokuwa na chujio kumekuwa sifa ya kuuzia gari. Wapo pia wanaokwenda gereji kuking'oa, jambo ambalo Ujerumani huliondolea gari kibali cha kutembea barabarani.

Sheria ya kelele yenyewe ilipanga kubana kwa awamu tatu, mwaka 2016, 2020 na 2024. Kwa magari yenye nguvu kubwa zaidi kulingana na uzito wake, kikomo kilipangwa kushuka kutoka desibeli 75 hadi 74, kisha 72. Tarakimu hizo zinaonekana ndogo, ila kila desibeli tatu zinazopungua ni nusu ya nguvu ya sauti. Aidha, ilibana ujanja wa miaka mingi wa kufunga vali za bomba la moshi wakati wa kipimo na kuzifungua mara gari likiwa mikononi mwa mwenyewe.

Je, wabunge walikosea? Ni vigumu kusema hivyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba Ulaya Magharibi hupoteza walau miaka milioni moja ya uhai wenye afya kila mwaka kutokana na kelele za vyombo vya usafiri. Chembechembe nazo huingia kwenye mapafu na damu. Anayefurahia mlio ni dereva mmoja, wanaoamshwa usiku ni mtaa mzima.

Udhaifu wake ni kwamba hubana gari jipya kiwandani, huku pikipiki iliyokatwa sailensa ikiendelea kupita chini ya madirisha ya watu. Paris ililitambua hilo, na Februari 2022 ilifunga rada yenye maikrofoni na kamera inayokitambua chombo chenye kelele na kusoma namba yake.

Watengenezaji, kwa upande wao, wameamua kuuza sauti peke yake. BMW M5 ya mwaka 2011 ilipitisha mlio wa injini kwenye spika za ndani. Hyundai Ioniq 5 N ya mwaka 2023, gari la umeme lisilo na bomba la moshi kabisa, huigiza mngurumo pamoja na kubadili gia ambazo halina. Na tangu Julai 2021 EU hiyohiyo inalazimisha kila gari jipya la umeme litoe sauti likienda taratibu, ili wasioona walisikie.

Kwa anayesubiri chujio kiondolewe, kanuni za Euro 7 hazimpi matumaini. Zimepangwa kuanza Novemba 29, 2026 kwa aina mpya za magari, na zinahesabu hata chembe za nanomita 10, badala ya kuanzia 23.