Nani alisema jurnalie hana kazi?

Mu biro ya sindika tunauliza kila mutu mwenye anaingia: unatumika wapi? Na kila juma kuko mwenye anajibu: «Sina kazi, niko tu jurnalie.» Mutu ule ametoka ku mugodi, biatu byake bingali na budongo, mikono imepasuka. Ameshinda kule tangu asubui mpaka magaribi. Lakini yeye mwenyewe anasema hana kazi. Hiyo «tu» yake njo inatuuma.

Kazi ni neno lenye maana mingi, sote tunajua. Dawa inafanya kazi, maana yake inaponyesha. «Hii kitu iko na kazi gani?», maana yake inasaidia nini. «Eko na kazi», basi usimusumbue, hana nafasi. Na kulea batoto wa siku hizi, hiyo nayo ni kazi! Lakini huku Katanga, ukisema mutoto wa fulani amepata kazi, hakuna mwenye atauliza zaidi. Ni kompanyi, ni numero, ni mushahara pa mwisho wa mwezi. Mengine yote, hata kama yanamaliza mutu nguvu, hatuyaite kazi.

Hiyo ina historia. Union Minière ilianzishwa mu 1906, na kuanzia miaka ya 1920 ilianza kuikalisha bafanyakazi na bibi na batoto mu makambi. Kazi ikakuwa nyumba, ikakuwa posho, ikakuwa hospitali na masomo ya batoto. Mwenye kulima shamba yake, mwenye kuuza ku soko, alitoa jasho sawasawa, lakini hakupewa nyumba wala posho, basi yeye hakuwa na kazi. Mu wakati ya Mobutu balituchukua kwa salongo, kufagia barabara na kuchimba mifereji bila hata franka moja, na hakuna mutu aliyeita ile kazi. Mpaka leo muchimbaji wa mukono, mwenye kushuka mu shimo na kamba, ukimuuliza anasema anajitafutia tu. Na bibi yake mwenye kuuza makala na kulipa minerval ya batoto batatu, pa kartasi ya masomo tunamuandikia: kazi ya mama, hakuna. Bababa, tuwe na haya kidogo.

Tuangalie na neno lingine letu. Sisi hatusemi sana kufanya kazi, tunasema kutumika. Dereva wa Tanzania mwenye kuleta lori mpaka Kasumbalesa, akisikia mutu anasema «natumika ku mugodi», anashangaa. Kwao chenye kutumika ni chombo: nyundo inatumika, beleshi inatumika. Mutu anafanya kazi, hatumiki. Tunacheka naye, kisha tunanyamaza, sababu hajasema bongo.

Lakini neno lenye tunapenda zaidi ni kuandikwa. Bazee betu habakusema sana «nimepata kazi», balisema «baliniandika». Kuandikwa njo kuingia kazi. Jina yako iko mu kitabu ya kompanyi, na kesho mukubwa hawezi kusema hakujui. Hata kibarua, neno lenye bandugu ba upande wa mashariki banatumia kwa mutu wa kazi ya siku, linatoka mu barua: zamani mutu wa namna ile alipewa kakartasi kake. Ona basi, hata kibarua alikuwa na kartasi! Jurnalie wetu wa leo hana. Jina yake inaandikwa pa karatasi ya kapita asubui, na magaribi ile karatasi hatujui inaenda wapi.

Na feza yenye anapokea si mushahara. Mushahara ni neno la Kiarabu, ndani yake muko mwezi. Yeye anapokea ya siku, kama posho.

Kutoka kazi nako kuna maana mbili. Kila siku tunatoka kazi, tunarudia ku nyumba. Mu 2003 na 2004, zaidi ya bafanyakazi 10.000 balitoka kazi ku Gécamines kwa mara moja, mu mpango wenye uliungwa mukono na Banque Mondiale. Ile haikuwa kutoka kwa kurudia kesho yake. Uliitwa départ volontaire, na hiyo «volontaire» nayo ingestahili siku yake mu gazeti. Batoto ba bazee bale njo leo beko pa mulango wa migodi saa kumi na moja ya asubui, bakingoja kapita abanyooshee kidole.

Sasa tufike pa shida yenyewe. Mu code du travail ya 16 octobre 2002, article 40, leta iliandika hivi, tunasema kwa maneno yetu: kama mutu wa kazi ya siku amekwisha kutumika siku 22 mu muda wa miezi miwili, na bakimuchukua tena mbele ya miezi ile kuisha, ile kazi mupya inahesabiwa kama kontra isiyo na mwisho. Si lazima mukubwa apende. Si lazima asaini. Mutu mwenye kutumika siku 6 kwa juma anazifikisha siku 22 mu juma ya 4. Kwa hiyo bale bamoja benye banakuja biro na kusema «sina kazi», banayo kazi tangu miaka, na habajui.

Benye kukodisha bafanyakazi kwa kompanyi kubwa banajua vizuri sana. Kuko moja, hatutaitaja, yenye kapita wake anahesabu siku kuliko sisi. Mutu akifika siku 20, anaambiwa apumuzike. Kisha anarudishwa na jina ya mudogo wake pa liste. Mutu yule yule, beleshi ile ile, jina nyingine. Kama si kazi, mbona banaogopa kuihesabu?

Bakubwa banajibu kwamba bei ya cobalt inapanda na kushuka, na habawezi kushika batu bote kwa maisha. Hiyo si bongo yote. Lakini sheria ile ile iliisha kubafungulia mulango: kuko kontra ya muda, mpaka miaka miwili. Baandike ile. Sababu ya kukataa hata ile tunaiona siku ya ajali. Jiwe likimuangukia mwenye kuandikwa, kuko numero yake ku CNSS na kuko wa kujibu. Likimuangukia jurnalie, kompanyi kubwa inasema ni mutu wa ile ndogo, na ile ndogo inasema leo hakuwa pa liste. Bibi anazunguka na fotokopi ya ordonnance ku biro tatu, hakuna mwenye kujua bwana wake.

Kuko bandugu bengine benye banatuambia: mutuache, sisi tunapenda feza ya magaribi, batoto bale leo. Tunabasikia. Njaa haingoji mwisho wa mwezi. Lakini kupokea feza kila magaribi hakukatazi kuhesabu siku.

Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo. Kila jurnalie anunue kaye moja. Aandike tarehe, jina ya mugodi, jina ya kapita, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na franka zenye alipokea. Kama balimuita kwa jina ya mutu mwingine, aandike na ile jina. Akiwa amechoka, mama pa nyumba aandike, ao mutoto mwenye kusoma. Aandike na majina ya benzake babili benye balikuwa pamoja naye siku ile, sababu mbele ya inspekteri wa kazi kaye bila mashahidi ni nyepesi. Siku 22 zikitimia, asingoje ajali. Alete kaye kwa delege, hata kama ni yenye mafuta na budongo.