Hesabu za Mto Mkondoa zisifungiwe kabatini

Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulifurika na kuingia Kilosa mjini. Maelfu ya watu walikosa makazi, mashamba yakasombwa na Reli ya Kati ikakatika.

Kabla ya kujenga tuta, wataalamu hukokotoa kwa kompyuta: mvua kiasi hiki ikinyesha, maji yatafika wapi? Jibu hilo ndilo huamua shamba la nani lilindwe. Tatizo ni kwamba programu ikiwa ya leseni ya kulipia, mshauri akiondoka, hesabu nazo huondoka. Halmashauri hubaki na ripoti tu.

Zipo programu huria, ambazo yeyote anaweza kuzipata bure, kukagua zilivyoandikwa na kuzirekebisha. SWAT, kazi ya watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani na Chuo Kikuu cha Texas A&M, hukadiria maji na udongo unaosombwa katika bonde la mto. QGIS huchora ramani.

Hata hivyo, programu huria bila vipimo vya mvua na kina cha mto haisaidii. Fedha inayookolewa kwenye leseni inunue vipimo na kulipia mafunzo.

Tunashauri kila mkataba unaolipwa kwa fedha za umma udai programu na takwimu zikabidhiwe halmashauri pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ili hesabu zirudiwe mvua zinapobadilika. Mkulima wa mahindi Kilosa na wa miwa Ruhembe, jirani na Mikumi, wana haki ya kujua hesabu zinazoamua hatima ya mashamba yao.